Bima ya afya kwa mzazi mzee: kabla ya kuuliza bei, uliza kadi inaishia hospitali gani

Kamwene sana ndugu yangu wa Mafinga. Umeuliza hivi: mama yako ana miaka 68, ana presha na kisukari, anaishi kijijini na wajukuu wawili. Wewe ni mwalimu, ajira yako ina mwaka mmoja. Kaka zako wanasema mzee hatakiwi kulipa chochote kwa sababu matibabu ya wazee ni bure. Jirani anasema mkatie CHF, ule Mfuko wa Afya ya Jamii, basi. Wewe unajiuliza kama unaweza kumwingiza kwenye kadi yako ya NHIF, yaani Mfuko wa Taifa wa Bima ya Afya.

Nimeona nikujibu kwa kirefu kwa sababu haya yote matatu nimeyapitia na wazazi wangu kule Rungwe. Mimi pia ni mwalimu, nafundisha Mbeya mjini.

Nianze na hilo la bure, maana ndilo linalochelewesha watu. Ni kweli Sera ya Taifa ya Wazee ya 2003 inamtambua mzee kuanzia miaka 60, na serikali ilielekeza wazee wasio na uwezo watibiwe bila malipo kwenye vituo vya umma. Hayo maneno "wasio na uwezo" ndiyo watu wanayaruka. Umri peke yake hautoshi. Kijiji kinatakiwa kimtambue kwamba hana wa kumtunza wala kipato, jina lipitie kwa mtendaji na watu wa ustawi wa jamii wa halmashauri, ndipo apewe kitambulisho cha matibabu. Mama mwenye mtoto mwalimu, kijiji kikikaa kikao kitasema ana mtu wa kumsaidia, na kwa haki kabisa, maana kuna bibi jirani yake ambaye hana. Mimi sikutaka mama yangu achukue nafasi ya yule bibi.

Halafu hata mwenye kitambulisho hupata kile kilichopo kituoni. Dirisha la wazee lipo, tangazo la kumpisha mzee kwanza limebandikwa ukutani, na wahudumu wengi wanaliheshimu. Lakini dawa ya presha ikiisha kwenye kabati la zahanati, mzee anaandikiwa karatasi akanunue dukani. Hapo bure imekwisha.

Sasa CHF. Mwaka 2021 nilimkatia baba CHF iliyoboreshwa. Ilikuwa 30,000 kwa mwaka kwa kaya ya watu wasiozidi sita. Mwandikishaji wa kijiji alikuja nyumbani na simu yake, akapiga picha baba, mama na wajukuu wawili, nikalipa kwa namba ya malipo, ikaisha. Sitasahau jinsi ile kadi ilivyotusaidia mwaka wa kwanza. Mama alikuwa anahudhuria kliniki ya presha kituo cha afya, mjukuu alilazwa kwa nimonia Makandana, hospitali ya wilaya pale Tukuyu, na hatukutoa hela ya kitanda. Kwa kaya yenye wazee na watoto wadogo pamoja, sijaona hela ndogo iliyofanya kazi kubwa namna ile.

Shida ilikuja 2022. Baba alianza kuamka usiku mara nne, mara tano kwenda haja ndogo, akawa hasemi. Wazee wetu wa kiume hili jambo wanalificha. Siku mkojo ulipoziba kabisa ndipo mama alinipigia simu, saa nane usiku. Makandana wakamwekea mpira wa mkojo, wakampa rufaa kuja hospitali ya mkoa, Mbeya. Ilikuwa tezi dume. Mpaka hapo CHF ilikuwa inafanya kazi. Kisha daktari akasema anahitaji bingwa wa njia ya mkojo, akaandika rufaa ya kanda.

Kutoka hospitali ya mkoa hadi ya kanda si mbali, ni mwendo wa bodaboda. Lakini kadi yetu ilikuwa imefika mwisho. CHF ile ilianzia zahanati na kuishia hospitali ya rufaa ya mkoa. Hakuna aliyetudanganya, hatukuwa tumeuliza. Vipimo, upasuaji, kitanda na dawa vilitugharimu zaidi ya laki saba, na tulizipata kwa kuuza ng'ombe na mimi kukopa kwenye chama chetu cha kuweka na kukopa. Baba alipona, yupo, anapalilia migomba yake. Ila wiki ile nilijifunza kwamba kwa mzee, ukiuliza tu "shilingi ngapi" hujauliza kitu. Uliza ugonjwa wake unaelekea hospitali ipi, na kadi inaishia wapi.

Kwa mama yako piga hesabu hiyo hiyo. Presha na kisukari kwa sasa ni kliniki ya kila mwezi na vidonge. Lakini kisukari kikikaa kinakwenda kwenye macho, figo na miguu, na presha inakwenda kwenye moyo na kiharusi. Atakuwa anapanda ngazi: zahanati, kituo cha afya, hospitali ya Mafinga, Rufaa ya Mkoa pale Iringa mjini. Baada ya hapo ni Mbeya kanda, au Benjamin Mkapa Dodoma, au Muhimbili. Anahitaji kadi inayopanda naye mpaka huko juu.

Na wewe unayo tayari. Mtumishi wa umma anachangia asilimia 6 ya mshahara, 3 zinakatwa kwako na 3 anatoa mwajiri. Mchango huo unamhudumia mwanachama, mwenza wake na wategemezi wanne. Wategemezi hao ni watoto, na pia wazazi wako au wakwe zako. Kumwongeza mama hakukuongezei makato hata shilingi. Watumishi wengi wapya hawajui, wanaacha nafasi tupu miaka mitano, huku wanatuma hela za dawa kijijini kila mwezi.

Nafasi ni nne tu, na hapo ndipo familia zinapogombana. Mimi nina watoto watatu, ikabaki moja. Dada yangu ni muuguzi Njombe, ana mtoto mmoja. Tulikaa kikao kabisa, na mdogo wetu mkulima akawepo ili asijione ametengwa. Tukakubaliana baba aingie kwa dada, mama kwangu, na mdogo wetu aendelee kuilipia kaya ya kijijini CHF kwa ajili ya wale wajukuu, maana wajukuu hawana nafasi kwenye kadi zetu. Kama una ndugu mwingine aliyeajiriwa serikalini, au mwenza wako naye ni mtumishi, kaeni mgawane mapema. Msingoje mtu alazwe ndipo mhesabu nafasi.

Sasa makaratasi. Hapa nitakaa kidogo kwa sababu ndipo nilipoteseka.

Kumwingiza mzazi, kinachothibitisha kwamba ni mzazi wako ni cheti chako wewe cha kuzaliwa. Jina la mama lililomo humo lilingane na lililoko kwenye kitambulisho chake cha taifa, cha NIDA. Cheti changu kilikuwa na jina la mama kwa "r", NIDA wameandika kwa "l". Sisi huku kwetu tunajua ni jina moja, bibi akilitamka huwezi kusikia tofauti. Karani hakulipokea. Nilirudishwa mara mbili, mara ya pili mama akiwa nami, ametoka Kiwira na mvua, amekaa kwenye benchi tangu asubuhi. Nilikasirika sana siku ile. Mwishowe nilikwenda kwa wakili nikaapa hati ya kiapo kwamba majina yote mawili ni ya mtu mmoja, nikaiambatisha, ikapita. Kazi ya nusu saa, kama ningeambiwa siku ya kwanza.

Jambo la pili ni vidole. Mama yangu amechuma chai miaka thelathini na zaidi. Alipokwenda kuandikishwa NIDA mashine ilikataa, kidole kimoja baada ya kingine, mpaka akaanza kuomba radhi kana kwamba ni kosa lake. Kijana wa zamu alikuwa mpole. Alimwambia anawe kwa maji ya uvuguvugu, apake mafuta kidogo, afute, wajaribu tena taratibu, na hatimaye ikakubali. Kama mama yako ni mkulima, na kule Mufindi najua ni chai, mbao au mahindi, jiandae kwa hilo. Asikate tamaa. Na muwahi, kwa sababu siku hizi uhakiki wa kadi hospitalini nao unatumia sura au alama za vidole.

Ukishapata kadi, inalipia kumwona daktari, vipimo, kulazwa, upasuaji, mazoezi ya viungo, macho na meno, na dawa zilizo kwenye orodha ya Mfuko. Hailipii nauli, wala chakula cha anayemuuguza, wala dawa iliyo nje ya orodha. Dawa ikikosekana hospitalini usikimbilie kununua. Omba fomu uichukue kwenye duka la dawa lenye mkataba na Mfuko. Na kabla hujampeleka hospitali binafsi au ya misheni, piga simu kwanza mapokezi uulize kama wanapokea kadi kwa huduma unayotaka. Machi 2024, kitita kipya cha mafao, yaani orodha ya huduma ambazo kadi inalipia, kilipoanza, hospitali kadhaa binafsi zilisitisha kupokea kadi kwa siku chache, na wagonjwa waligeuzwa getini. Mzee wa miaka 68 hapaswi kusafirishwa kutoka kijijini kwa gari la abiria la Noah ili aje kugeuzwa.

Jirani yako aliyekuambia CHF hakukosea, na wale wajukuu bado wanahitaji kadi. Ila jua mambo yanabadilika: Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote ilipitishwa 2023, na ile 30,000 yangu ni ya 2021. Usitoe hela kwa kusikia kwa watu. Muulize mtendaji wa kijiji kiwango cha sasa, huduma zilizomo, na hospitali ya mwisho inayoipokea. Ulipe kwa namba ya malipo, usimkabidhi mtu hela mkononi. Sisi huwa tunalipa mwezi ule fedha ya majani ya chai inapoingia, maana kadi ni ya mwaka na ikikatika mwezi usio na hela, inabaki imekatika. Ninyi chagueni mwezi wa mahindi.

Kuhusu kaka zako, usibishane nao juu ya bure. Waambie tu mama ana mtoto aliyeajiriwa, na nafasi ipo.

Leo ukitoka kazini toa cheti chako cha kuzaliwa, kipige picha pale lilipo jina la mama, umtumie mjukuu mwenye simu pale nyumbani alilinganishe na kitambulisho cha bibi yake, herufi kwa herufi. Likilingana, mfuate ofisa utumishi wa halmashauri yako wiki hii. Lisipolingana, anza kwa wakili.