Kuongoza wageni makumbusho: nikariri kitini chote?

SWALI: Nimekubaliwa kujitolea kuongoza wageni katika makumbusho ya kumbukumbu ya mauaji ya halaiki. Nimepewa kitini kinene, na dakika 60 kwa kila kundi. Nikikariri? Na mgeni akilia nifanyeje?

JIBU: Ndugu msomaji, usikikariri. Kisome hadi ukielewe, kisha chagua vituo 6 tu. Saa moja huisha upesi: dakika 5 huishia mlangoni kwa salamu na taratibu za simu na picha, kama 15 huliwa na kutembea, 10 ziachie maswali. Zilizobaki ni dakika 5 kwa kituo. Wengi wanaoanza humaliza dakika 20 chumba cha kwanza wakieleza chanzo cha mauaji, halafu huwakimbiza watu kwenye majina ya waliouawa, chumba ambacho wageni wengine wamekuja kwa ajili yake tu.

Kila kituo kianze na kitu kinachoonekana. Makumbusho ya Hiroshima yana kibaiskeli cha magurudumu matatu. Shinichi Tetsutani, mtoto wa miaka 3, alikuwa akikichezea bomu lilipoangushwa tarehe 6 Agosti 1945, akafariki usiku huo. Baba yake alimzika nacho uani. Mwaka 1985 alimhamishia kwenye kaburi la familia, kibaiskeli akakikabidhi makumbusho. Maelezo yanatosha hapo. Taja umri, tarehe na alichofanya baba, kisha nyamaza sekunde 10. Ukiongeza “hebu fikirieni uchungu wa mzazi huyu”, macho yanahama kutoka kwenye kibaiskeli na kukugeukia wewe.

Simama ubavuni mwa kabati la kioo, usilizibe, na usifungue kinywa kabla mtu wa mwisho hajafika.

Takwimu nazo zitajwe na mipaka yake. Watu zaidi ya 250,000 ni waliozikwa kwenye makumbusho ya mauaji ya halaiki ya Gisozi, Kigali, si jumla ya waliouawa Rwanda mwaka 1994. Ukichanganya hayo mawili, anayekanusha mauaji amepata pa kushikia. Swali usilolijua liandike mbele ya aliyeuliza, umpelekee mhifadhi wa nyaraka. Usikisie kamwe.

Kuhusu machozi, jiandae kabla. Mlangoni waeleze wote benchi lilipo, mlango wa kutokea ulipo, na kwamba anayetaka kutoka haombi ruhusa. Mwombe mwenzako akae nyuma ya kundi. Mtu akitoka, yeye ndiye amfuate kwa mbali, na maji mkononi. Wewe endelea, kwa sauti ya chini. Usimkumbatie mgeni bila yeye kutaka, na usiulize mbele ya watu kama ni manusura. Akiwa ndiye, ataamua mwenyewe kusema au kutosema.

SWALI: Mwalimu anataka wanafunzi waigize kujificha. Niruhusu?

JIBU: Hapana. Mtoto atatoka na hofu au na kicheko, na vyote viwili havimfundishi kilichotokea. Kwanza uliza umri wao: Makumbusho ya Auschwitz, kambi ya mauaji ya Wanazi huko Poland, hayashauri watoto walio chini ya miaka 14 kutembelea. Kwa wadogo punguza vituo viwe 3, ruka picha za maiti, na uwaeleze maisha ya mtu mmoja kabla ya mauaji. Chumba cha watoto cha Kigali kimepangwa hivyo: picha ya mtoto, na chini yake mambo kama chakula alichokipenda. Mpigie mwalimu mapema mkubaliane vituo, maana siku yenyewe, darasa likiwa limeshafika mlangoni, utashindwa kumkatalia.