Kocha wa Mdogo Wako Ameondoka: Jibu la Swali Lako

Mwanangu,

Marahaba. Ujumbe wako wa sauti niliusikiliza kwenye maegesho ya kazini, nikaurudia jioni mama yako naye asikie. Umeuliza mawili kwa pumzi moja: kwa nini chuo bado kinamng'ang'ania mdogo wako ilhali kocha aliyemtafuta keshahamia chuo kingine, na kama si heri amfuate huyo kocha huko alikokwenda. Mama yako kasema umekasirika kuliko mwenyewe. Nakuandikia kwa sababu kwa simu tungekatizana.

Kwanza uelewe anacheza namba gani, maana huu ni mpira wa Kimarekani, na huko Tanga mkisema mpira mnawaza mwingine. Yeye ni ranibeki. Mrusha mpira anamkabidhi mkononi, mbele yake kuna vijana wenye kilo mia na arobaini wanasukumana, naye atafute upenyo apite. Akipata yadi 5 watu wanapiga makofi. Kila akibeba anaangushwa chini, na mwili unahesabu hata kama yeye hahesabu. Sasa kila chuo kina kocha mkuu, na chini yake kila namba ina kocha wake. Kocha wa maranibeki ndiye anayezunguka mashule ya sekondari, ndiye anayepiga simu usiku, na ndiye aliyekaa sebuleni kwetu akala wali wa nazi na samaki, akaomba pilipili ya kuongeza.

Jioni ile ningependa ungeiona. Alifungua kompyuta, akaweka video ya mechi ambayo mdogo wako alifunga mara tatu na shule nzima ikambeba. Akaipitisha yote bila neno, kisha akarudi kwenye mbio moja ya kawaida kabisa, akaisimamisha picha, akagusa kioo penye bega la kushoto. "Hapa umeinama kabla hujauona mwanya. Mwanya ulikuwa kulia." Mdogo wako akasogeza kiti. Makocha wengine wote walikuwa wamemmwagia sifa tu, na huyu kampa kosa moja na namna ya kulirekebisha. Nikajua keshanaswa. Wiki chache baadaye akatoa ahadi ya mdomo, ambayo kisheria haimfungi yeye wala chuo mpaka Desemba ya mwaka wake wa mwisho, watakaposaini.

Kwa hiyo naelewa alivyoumia. Lakini hapa Columbus kuna kisa ambacho hata kinyozi wangu anakijua. Februari 2015 kijana wa Detroit, Mike Weber, ranibeki, alimwaga wino chuo cha hapa, Ohio State. Kabla ya hapo alikuwa amewaahidi chuo cha Michigan, akabadili mawazo. Michigan nao wakamtimua kocha mkuu wao, wakamleta Jim Harbaugh, wakaanza kumfukuzia upya hadi mwishoni. Akabaki na Ohio State. Siku iliyofuata, mwanangu, siku iliyofuata tu, habari zikatoka kwamba Stan Drayton, kocha wa maranibeki aliyemsajili, anakwenda Chicago Bears kwenye ligi ya kulipwa. Kijana akaandika Twitter kwamba ameumia. Kocha wake wa sekondari akalalamika hadharani. Na enzi zile ukishasaini barua ya kitaifa ya ahadi umefungwa, kuivunja ni kupoteza msimu. Barua hiyo imefutwa mwaka 2024.

Wengi wakisimulia huishia hapo, na ndiyo maana wazazi wanaogopa. Kisa kina sehemu ya pili. Nafasi ya Drayton aliichukua Tony Alford kutoka chuo cha Notre Dame, na mwaka 2016 Weber akakimbia yadi 1,096 chini ya kocha ambaye hakumchagua. Halafu Alford akaleta kijana wake mwenyewe kutoka Texas, J.K. Dobbins. Msimu wa 2017 ulipoanza Weber anauguza msuli wa paja, na aliporudi akakuta namba ina mwenyewe: Dobbins alimaliza mwaka wake wa kwanza na yadi 1,403. Timu za ligi ya kulipwa zilipochagua vijana wa vyuo kwa zamu, Weber alikuja kuchaguliwa na Dallas Cowboys raundi ya saba, ambayo ndiyo ya mwisho. Mimi nikikisoma kisa hiki, kuondoka kwa Drayton kulimuumiza moyo, ila kilichomgharimu namba ni kijana mwingine aliyeingia mlango uleule.

Na makocha wenyewe hawatulii. Alford alikaa Ohio State miaka tisa, Machi 2024 akavuka kwenda Michigan, mahasimu kabisa, mazoezi ya msimu yakiwa yameshaanza. Drayton alizunguka kwingi, mwaka 2025 akatua chuo cha Penn State, na Oktoba hiyohiyo kocha mkuu aliyemwajiri, James Franklin, akatimuliwa. Ukimfuata kocha wa namba, unafuata mtu ambaye mwenye nyumba anaweza kumtoa wakati wowote.

Sasa swali lako la kwanza, kwa nini hawamwachi. Kocha alipoondoka, kocha mkuu alimpigia mdogo wako kabla habari haijafika mitandaoni. Jioni akapiga mratibu wa mashambulizi. Kesho yake akapiga ranibeki wa zamani wa chuo ambaye sasa yuko ligi ya kulipwa, wakaongea muda mrefu kuhusu viatu. Nilitaka kucheka, lakini ndivyo kazi inavyofanywa. Wanajua saa zile ndizo vyuo vingine vinanusa, kwa hiyo wanahakikisha kijana hapati muda wa kujiona yatima. Halafu chuo kikubwa hakisajili kwa jicho la mtu mmoja. Kina ofisi nzima ya watu wanaotazama video na kupima mbio, na jina la mdogo wako limeandikwa kwenye ubao wao. Kocha kaondoka, ubao umebaki.

Tazama Ohio State walivyofanya Alford alipowakimbia. Walimchukua Carlos Locklyn kutoka Oregon. Lakini kilichowaokoa kilikuwa kimeshakaa ndani, yaani maranibeki wenyewe: TreVeyon Henderson alikuwa ameamua kubaki mwaka mmoja zaidi, na Quinshon Judkins alikuwa amehamia Januari ile kutoka chuo cha Ole Miss. Wakagawana mpira. Judkins akabeba mara 194 akapata yadi 1,060, Henderson mara 144 akapata 1,016. Tarehe 20 Januari 2025 wakachukua ubingwa wa taifa kwa kuifunga Notre Dame 34 kwa 23, na miezi mitatu baadaye wote wawili wakachaguliwa raundi ya pili ya NFL, ndiyo hiyo ligi ya kulipwa, wa 36 na wa 38. Msimu uliofuata kijana wa Cleveland, Bo Jackson (huyu ni mwingine, usimchanganye na yule gwiji wa zamani), akavuka yadi 1,000 katika mwaka wake wa kwanza. Kocha mpya akienda kwa mzazi na habari kama hizo, nani atamkumbuka aliyeondoka?

Lakini ziangalie vizuri hizo hesabu, maana hapo ndipo biashara yenyewe ilipo. Ranibeki anauziwa kitu kimoja: atapewa mpira mara ngapi. Vyuo vimegawanyika kambi mbili katika kukiuza. Wengine wanasema njoo utabeba wewe, dunia ikuone. Mfano wao ni Ashton Jeanty wa Boise State, aliyebeba mara 374 mwaka 2024, yadi 2,601, akakosa yadi 27 tu kuifikia rekodi ya vyuo ya Barry Sanders ya mwaka 1988, kisha timu ya Raiders ya ligi ya kulipwa ikamchagua akiwa wa 6. Na kumbuka Boise walikuwa wamemfukuza kocha mkuu mwishoni mwa 2023, vyuo vyenye fedha vikimtamani, naye akabaki. Kambi nyingine wanasema njoo mgawane, mwili wako ufike ligi ya kulipwa bado mzima. Wote wawili wana ushahidi. Mama yako yuko kambi ya pili bila kusikia hoja yoyote.

Mimi ninachohofia kipo pengine. Siku hizi mchezaji wa chuo anahama kama wa Simba na Yanga, dirisha la usajili likifunguliwa mtu anabeba begi. Kocha mpya wa namba asiyemjua mdogo wako anaweza kuingia na kuamua kwamba badala ya kumlea mtoto wa miaka 18, anunue ranibeki wa miaka 21 aliyekwisha komaa kwingine. Judkins alipoingia Ohio State, kuna maranibeki vijana waliokuwa wakingoja zamu yao, na mmoja wao, Dallan Hayden, akaishia chuo cha Colorado. Tangu Juni 2025 mahakama imeruhusu vyuo kuwalipa wachezaji moja kwa moja, hadi dola milioni 20.5 kwa mwaka wa kwanza kwa michezo yote, na kikosi cha mpira huu kimewekewa kikomo cha watu 105. Fungu lina mwisho na viti vina hesabu. Mrusha mpira ndiye anayekula kwanza.

Jambo jingine ambalo wazazi wengi hawalijui. Kocha mkuu akiondoka, wachezaji wanafunguliwa dirisha lao la siku 15, linaanza siku ya tano baada ya mrithi kutangazwa. Kocha wa namba akiondoka, hakuna dirisha lolote, ingawa ndiye uliyeishi naye. Na kwa wanaosajiliwa, kocha mkuu ndiye tetemeko lenyewe. Franklin alipotoka Penn State akaenda Virginia Tech, vijana kadhaa waliokuwa wameiahidi Penn State wakamfuata, na Desemba siku ya kwanza ya kusaini Penn State ikapata wawili tu kutoka sekondari. Kwenye chuo cha mdogo wako kocha mkuu yupo na mratibu wa mashambulizi yupo. Aina ya mchezo waliomwonyesha mdogo wako haijabadilika.

Kuhusu kumfuata kocha huko alikokwenda: huyo bwana alipiga simu, ndiyo, na simlaumu, nampenda hadi leo. Ila nilimuuliza ana maranibeki wangapi waliobakiza miaka miwili au zaidi ya kucheza chuoni. Akanyamaza kidogo, akasema wanne. Hapo mdogo wako atasugua benchi, hata kama kocha anajua jina la bibi yake.

Kwa hiyo msimamo wangu ni huu: ahadi aiache palepale, asimtukane mtu mtandaoni, na asikatae kutembelea vyuo vingine viwili vinavyomwita kiangazi. Safari wanalipa wao. Kocha mpya akishaajiriwa, aje nyumbani kama mwenzake alivyokuja. Sitamuuliza habari za jezi wala ukumbi wa mazoezi wenye mashine za kung'aa. Nataka afungue video ya mdogo wako aniambie anaona nini, kwa sababu kama hajaitazama nitajua amerithi jina tu. Nataka aniambie kama ataingia dirishani kutafuta mtu mwingine wa namba ile, na kiasi walichotaja mdomoni kitaandikwa wapi. Asipojibu la dirisha, tutakuwa tumejibiwa.

Mdogo wako mwenyewe hasemi kitu. Anafanya mazoezi, anakula, anafunga mlango. Juzi nilimsikia akiitazama ile video ya bega, peke yake. Wewe anakusikiliza kuliko sisi. Mpigie asubuhi yako saa kumi na mbili, huku inakuwa saa nne usiku na ndiyo saa anayoshika simu. Usianze na habari za kocha, anza na mtihani wake wa hesabu, maana alama ikishuka hata hao wanne wa kule hawatakuwa na haja ya kumwogopa. Na usimwambie nimekuandikia.

Bibi yako mwambie dawa ya presha nimempa yule kijana anayesafiri Jumamosi. Fedha ya umeme nitatuma mwisho wa mwezi.

Baba yako,
Columbus