Blanketi lenye sahihi za ukoo: sisi tulilishona hapa Goma, na haya ndiyo yaliyotupata

Ndugu uliyeuliza, nimesoma swali lako mara mbili. Wazazi wenu wanatimiza miaka 40 ya ndoa, mko ndugu saba mmetawanyika, mnataka kuwapa blanketi la viraka ambalo kila mtu wa ukoo ametia sahihi yake, na unauliza kama miezi mitatu inatosha na muanzie wapi. Wengi wamekujibu habari ya mashini na ya fundi. Sisi tulishona moja hapa Goma, mashariki ya Kongo, mwaka 2024, wazazi wetu walipofikisha miaka 50, na kushona kulichukua wiki mbili tu. Kukusanya majina kulichukua miezi mitano na ugomvi mara tatu. Kwa hiyo miezi mitatu inatosha ikiwa mtaanza kesho asubuhi.

Nieleze kwanza kwa nini tuliona zawadi hiyo inafaa kuliko mbuzi au viti vya saluni (sebule). Wazazi wetu walioana Bukavu mwaka 1974. Picha za arusi, cheti, barua za posa, vyote vilibaki nyumbani tarehe 17 Januari 2002, siku volkano ya Nyiragongo ilipotapika na moto ukapita katikati ya mji hadi ziwani. Tulivuka mpaka kwenda Gisenyi, Rwanda, na sufuria, godoro moja na kasha la nguo la Mama. Tuliporudi, penye nyumba palikuwa jiwe jeusi ambalo bado lina joto. Katika ndoa yao nzima kilichobaki cha kushika mkononi ni kikwembe ambacho Mama alivaa siku ya mahari (ninyi wa pwani mnasema kitenge).

Wazo lililetwa na yaya wetu (huku ni ndugu aliyekutangulia kuzaliwa) anayeishi Kanada. Kule Amerika ya Kaskazini ni desturi ya zamani. Tangu miaka ya 1840, familia ilipohamia magharibi, jamaa na majirani waliobaki waliandika kila mmoja jina lake juu ya kiraka cha pamba, viraka vikaunganishwa, wahamaji wakaondoka navyo. Ilikuwa ndiyo kwanza wino usiokula kitambaa umeanza kupatikana madukani. Wino wa zamani ulikuwa na chuma ndani, na baada ya miaka pamba ilitoboka palepale palipoandikwa jina. Yaya aliendelea kueleza kwenye simu, lakini mimi nilikuwa nimeshakubali. Habari ya watu wanaohama na majina ya waliobaki haihitaji maelezo marefu kwa mtu wa Goma.

Haya, vipimo, maana uliviomba. Sisi tulifanya viraka 48, safu nane za viraka sita. Kila kimoja kikishashonwa kina sentimita 20 kwa 20, na kati yake na pembeni kote kuna ukanda wa sentimita 5 wa kikwembe. Jumla inatoka kama sentimita 155 kwa 205, inafunika kitanda cha watu wawili bila kuburuta chini. Nunua pamba nyeupe mita mbili na nusu yenye upana wa mita moja na nusu. Ukikata vipande vya sentimita 24 unapata 60, yaani una 12 vya akiba. Usicheke hiyo akiba. Sisi tulikula tisa, bila kuhesabu vile vya biki nitakavyovitaja. Mtu anakosea jina lake mwenyewe, mtoto anamwaga chai, shemeji anaandika baraka ndefu kama barua ya askofu. Kata vikubwa, rudisha kwenye 22 baada ya watu kuandika, na mchoree kila mtu kisanduku cha penseli katikati umwambie asivuke. Mdogo wangu wa Bukavu alivuka, fundi akakata bila kutazama, na mkia wa sahihi yake ukaenda na takataka. Anatukumbusha kila Krismasi.

Kabla ya kukata, FUA hiyo pamba. Fua na kikwembe pia, kwa maji ya moto, mpaka maji yatoke safi. Kikwembe cha bei ndogo kinatoa rangi, na rangi nyekundu ikipanda juu ya jina la baba mkwe hutapata maneno ya kumweleza.

Sasa kosa letu la kwanza. Viraka kumi na moja vya mwanzo watu waliandika kwa biki. Biki iko kila nyumba, nani angefikiri? Nikajaribu kimoja kwenye beseni: jina likageuka wingu la buluu. Kumi vilivyobaki sikuvifua, ila vilikuwa vimeshakufa. Ilibidi turudi kwa watu walewale na kuanza upya. Baada ya hapo tulifanya hivi: mtu anaandika kwa penseli laini, kitambaa kikiwa kimelazwa juu ya karatasi ya msasa ili kisiteleze, halafu sahihi inafuatwa kwa uzi wa kudarizi. Uzi ule una nyuzi sita ndani; tumia mbili tu, kwa mshono wa kurudi nyuma, vidogo vidogo kwenye kona. Kuna kalamu za vitambaa pia, unaandika, unapiga pasi, haitoki. Zinafaa kwa walio mbali. Lakini hata hiyo kalamu ijaribu kwanza: andika neno, piga pasi, fua mara mbili kwa sabuni ya mche. Muuzaji atakuapia. Wewe fua.

Kosa la pili ni la aibu zaidi, na ndilo ninalotaka usilirudie. Lilikuwa jambo la siri, wazazi wasijue. Dada yangu mdogo akaona itapendeza kanda za katikati zitoke kwenye kile kikwembe cha mahari. Akafungua kasha Mama akiwa misani, akakata kama sentimita 60, akakunja akarudisha. Wiki moja haikupita.

"Nani alikata kikwembe yangu?"

Kimya.

"Niko nauliza mara ya mwisho."

Siku hiyo sote tulikaa kimya kwa ajili ya siri yetu nzuri, na lawama ikamwangukia msichana wa kazi. Alifunga nguo zake kwenye mfuko wa plastiki. Alikuwa ameshafika kwenye mlango wa uzio ndipo mdogo wangu akaanza kulia na kusema yote. Siri ikaishia hapo kwa upande wa Mama. Hakupiga kelele. Alikaa, akaomba kuonyeshwa viraka, akavitazama kimoja kimoja, halafu akasema: "Huyu mutoto mulimuchafulia jina bure. Na yeye aandike." Dada mmoja akasema lakini yeye si wa ukoo. Mama hakumjibu, alichukua penseli akampa msichana. Kiraka chake kiko safu ya tatu.

Mtapata swali hilo nanyi: nani anaandika, nani haandiki? Mke aliyeachana na kaka yenu lakini bado analea wajukuu? Mtoto wa nje? Jirani aliyewahifadhi wakati wa vita? Hesabuni vichwa mapema, kisha ongezeni viraka sita ambavyo hamjui ni vya nani. Sisi tulihesabu 39 tukajaza 46. Viwili vya katikati tuliviacha vyeupe, nitavirudia.

Na waliofariki? Usiandike kwa niaba yao. Kaka yetu mkubwa hayupo, na shemeji alitaka tumwandikie. Tukatafuta, tukapata sahihi yake kwenye daftari la madeni la duka lake. Tuliweka daftari juu ya kioo cha dirisha, kitambaa juu yake, jua likatuonyesha mistari. Tukaishona kwa uzi wa kijivu, tofauti na nyingine zote, ili mtu ajue kwamba mkono huu haukugusa kitambaa hiki. Wengine watakuona unajisumbua. Mimi ningefanya hivyo tena.

Sasa shangazi. Shangazi yetu, dada yake Papa, hakusoma. Maisha yake yote amefanya biashara ya maharagwe, anayatoa Kalehe kwa mtumbwi wa mota mpaka soko la Kituku hapa Goma. Nilimpelekea kiraka na wino wa kidole. Akaniangalia vibaya. "Kidole niliweka kwa makaratasi ya Leta (serikali), na siku moja sikuona hiyo karatasi ilinisaidia. Kwa kitu ya yaya yangu siweki kidole." Nikamwambia basi mimi nitamwandikia jina, yeye ashike mkono wangu. Akakataa. Akaniambia niache kitambaa nirudi kesho.

Kesho yake nilikuta duara na vijiti viwili vinavyotoka chini yake, kama mtoto anayekimbia. Uzi wa kijani wa nailoni, ule wa kufungia midomo ya magunia, na ulikuwa umepitishwa kwa sindano ya magunia, matundu makubwa. Ni alama yake. Magunia yakishuka bandarini mia mbili, yote meupe, wapagazi hawasomi jina la mtu; wanatafuta alama, na hiyo kila mpagazi wa Kituku anaijua ni ya nani. Ameiweka kwenye magunia tangu kabla sijazaliwa. Mimi nilikuwa natafuta sahihi ya mtu asiyejua kuandika, kumbe katika ukoo wote yeye ndiye aliyetia sahihi mara nyingi kuliko sisi wenye diploma.

Fundi alipoona ule uzi wa kijani akasema ataurudia kwa uzi mzuri, upendeze kama mingine. Nikamkatalia. Na Mama naye nilimkatalia, kwa heshima. Mama alijifunza kudarizi kwa masista akiwa msichana, na sasa alikuwa ndani ya siri. Usiku alianza kufumua majina ya wajukuu yaliyopinda na kuyashona upya yakiwa yamenyooka. Mjukuu wa miaka saba alitazama kiraka chake akamwambia bibi yake, "Koko, hii si yangu." Ilibidi aandike tena. Herufi ya S imegeukia nyuma, na imebaki hivyo. Kama unataka majina yaliyonyooka yote sawa, kuna mashini za kompyuta za kudarizi, zitakumalizia kwa siku moja. Ila hilo litakuwa orodha ya waalikwa.

Kwa walio mbali: usitume kiraka kimoja kimoja. Tafuta mtu mmoja katika kila mji, mpe bahasha yenye viraka vyote vya mji ule, penseli, na kiraka cha mfano. Bahasha ya Bukavu ilikwenda na kurudi kwa boti, siku tatu tu. Ya Kinshasa ilipanda ndege. Ya Lubumbashi ilikaa wiki sita kwa binamu aliyeisahau juu ya kabati. Ya Kanada tulisubiri msafiri. Mwisho wa Januari 2025 uwanja wa ndege wa Goma ulifungwa na vita, na mara nyingi nafikiri kwamba tungechelewa miezi sita tu, nusu ya majina yasingetufikia. Kwa hiyo anzeni na walio mbali, na walio wazee. Walio karibu mtawapata hata wiki ya mwisho.

Kuunganisha nitasema haraka. Mashini ya miguu inatosha, tena haisubiri umeme. Katikati tuliweka blanketi jepesi la mitumba lililofuliwa vizuri, kwa sababu hapa usiku kuna baridi na sponji inanyonya maji mengi ikifuliwa. Nyuma ni kikwembe: yadi sita zinatosha, unakata vipande viwili vya mita 2 na sentimita 15 unaviunga ubavu kwa ubavu, kinachobaki kinatosha pindo. Usijaribu kushona tabaka tatu kote kwa mkono kama hujawahi. Sisi tulifunga mafundo kwenye kila njia panda ya kanda, mafundo 63, na mpaka leo hakuna hata moja lililolegea. Na kile kipande cha kikwembe cha mahari? Mama aliamua mwenyewe: kizunguke vile viraka viwili vya katikati, basi.

Siku ya jubilei, baada ya misa na chakula, wajukuu wanne walilibeba wakalitandika juu ya meza mbele ya Papa. Hakusema kitu. Alianza kusoma kwa kidole, safu kwa safu, akiuliza huyu ni nani, huyu ni wa nani. Alipofika kwenye duara la kijani akacheka mpaka akakohoa: "Hata hapa umeleta maharagwe!" Shangazi akajibu kwamba yamelipiwa ushuru. Kisha tukampa penseli kwa ajili ya kiraka cheupe. Unajua mwaka 1972 Mobutu, rais wa Zaire (Kongo ya leo), aliondoa majina ya Kikristo, na mwaka 1974 ndoa ziliandikwa kwa majina ya asili tu. Papa ana zaidi ya miaka thelathini anaitwa kwa jina lake la ubatizo, kanisani na kazini. Pale aliandika majina matatu ya Zaire, na ile sahihi ndefu ya ujana ambayo sisi watoto hatukuwahi kuiona. Mama akainama kutazama. "Eh," akasema, "huyu ndiye aliniowa." Akachukua penseli, akaandika chake pembeni.

Majina hayo mawili Mama aliyadarizi mwenyewe wiki iliyofuata. Kuhusu matumizi, bado hawajaelewana. Papa anataka kulilalia, anasema baridi haijui sahihi. Mama anasema majina ya watu hayalaliwi. Sasa hivi linakaa kwenye kasha siku sita, Jumapili linatandikwa, na Jumapili jioni Papa anajifanya ameshasinzia ili lisitolewe.