Kadi zikiongezeka, nani atatuhudumia?

SWALI: Shikamoo mama. Tunaambiwa bima ya afya kwa wote inakuja, kila kaya ikate kadi. Zahanati yetu ina tabibu mmoja na muuguzi mmoja, na foleni tunaiwahi alfajiri. Sote tukiwa na kadi, si tutakesha pale?
Msomaji, Nzega

JIBU: Marahaba, mwanangu. Hofu yako naifahamu, nimeipitia nikiwa upande wa pili wa dirisha. Mwaka 1996 Mfuko wa Afya ya Jamii, CHF, ulipoanza kwa majaribio Igunga, hapo jirani zako, nilikuwa muuguzi katika zahanati moja ya wilaya hiyo. Kaya ikichangia, serikali nayo iliongeza kiasi kilekile. Tuliita tele kwa tele. Tukanunua magodoro, hadubini, na dawa ambazo zamani ziliisha kabla ya katikati ya mwezi. Wauguzi tukabaki walewale wawili. Mama aliyezoea kumchemshia mtoto mwarobaini sasa alimleta siku ya pili tu ya homa. Nilifurahi sana, maana tulikuwa tukiletewa watoto wameshalegea. Ila mlango nikawa naufunga saa mbili usiku, miguu imevimba.

Hata Japani, bima ilipowafikia wote mwaka 1961, vitanda vya hospitali viliongezeka upesi kuliko madaktari na wauguzi. Kitanda kinanunuliwa. Tabibu anasoma miaka 3. Daktari miaka 5, kisha mwaka mmoja wa mafunzo kwa vitendo, na hapa kwetu akishahitimu anakaa nyumbani akisubiri kibali cha ajira. Hilo linaniuma, kwa sababu tunao vijana wenye vyeti wanaouza vocha huku wewe unapanga foleni gizani.

Kwa hiyo ndiyo, foleni itarefuka kwanza. Lakini lipo la kufanya. Malipo ya bima huingia kwenye akaunti ya kituo chenyewe, na kamati ya usimamizi wa kituo ina wajumbe mliowachagua nyinyi wanakijiji. Fedha hizo zinaweza kumlipa muuguzi wa mkataba bila kungoja ajira ya serikali. Mkutano wa kijiji ukiitwa, simama uulize: robo mwaka iliyopita bima imelipa kiasi gani, madai mangapi ya kituo bima imekataa kuyalipa, na fedha zimekwenda wapi? Wakisema wamepaka rangi jengo, waulize kwa nini hawakuanza na muuguzi wa pili.