Mwalimu wa Biolojia Anajibu: Niiache Kemia?

SWALI: Shikamoo Mwalimu. Nasoma sekondari, na muhula ujao tunachagua masomo ya ngazi ya juu. Biolojia ndiyo somo langu, sijawahi kushuka chini ya 80. Kemia napata 50 na kidogo, na hesabu za moli zinanitoa jasho. Nimefikiria nichukue biolojia, jiografia na lugha, kemia niachane nayo. Baba anataka niwe daktari. Mimi bado sijui, ila viumbe hai navipenda tangu nikiwa mdogo. Wenzangu wanasema biolojia ni kukariri tu, na kukariri naweza. Nifanyeje?
— Mpenda Viumbe

JIBU: Marahaba mwanangu. Kemia nitaifikia, ila nianze na hizo 80, maana ndizo zilizonitia wasiwasi nilipoisoma barua yako. Tandaza mezani karatasi zako zote za mitihani ya biolojia ya mwaka huu. Weka alama kwenye kila swali lililoanza na "taja", "orodhesha" au "andika majina ya sehemu". Kwa kalamu ya rangi nyingine, weka alama kwenye kila lililoanza na "eleza kwa nini". Kisha jumlisha kila fungu peke yake. Kama alama zako nyingi zimetoka fungu la kwanza, na la pili umekuwa ukipata nusunusu, basi hiyo 80 inasifu kumbukumbu yako tu. Haijakuambia kama biolojia ya juu utaimudu, kwa sababu huko maswali ya kutaja hupungua sana.

Nalisema hili kwa kuwa lilinikuta. Nilipoingia ngazi ya juu nilikuwa na fasili ya osmosisi (maji kupenya utando wa seli kuelekea upande wenye vitu vingi zaidi vilivyoyeyuka) kichwani neno kwa neno. Wiki ya kwanza mwalimu akatuwekea hadubini mbili. Kwenye moja kulikuwa na chembe nyekundu za damu zilizotiwa maji safi. Ukichungulia huzioni, zimekwisha pasuka. Kwenye nyingine, ngozi nyembamba ya kitunguu ndani ya maji yaleyale, na seli zake nzima, zimetuna vizuri. Akanigeukia: "Kwa nini hizi zimepasuka na zile hazikupasuka?" Nikamtolea fasili yangu. Akanyamaza akisubiri, nami sikuwa na kingine. Jibu ni ukuta wa seli, unaoikaza seli ya mmea maji yanapoingia, hadi shinikizo la ndani linazuia mengine yasiendelee kujaa. Ukuta huo nilikuwa nimeutaja kwenye mitihani mara nyingi kama tofauti kati ya mmea na mnyama, na sikuwahi kujiuliza una kazi gani.

Jijaribu hivyohivyo. Funga kitabu, umweleze jambo hilo mtu asiyesoma biolojia mpaka aelewe. Halafu jiulize linalofuata: amiba wa maji baridi, kiumbe cha seli moja, hana ukuta wa seli, mbona hapasuki? (Ana kifuko kinachokusanya maji yanayoingia na kuyatema nje, tena na tena, maisha yake yote.) Ukijikuta unatamani kuuliza swali la tatu, chagua biolojia bila hofu, hata kama alama zako zingekuwa 60.

Sasa kemia. Nakuomba usiiache, na sisemi hivyo kwa ajili ya udaktari.

Chukua ugonjwa wa selimundu. Hapo ulipo mmesoma kwamba ni wa kurithi na kwamba chembe nyekundu hupinda kama mundu. Mbele utafundishwa kwamba kwenye mnyororo wa beta wa himoglobini (protini inayobeba oksijeni ndani ya chembe nyekundu), wenye amino asidi 146, yaani vijenzi vya protini, imebadilika moja tu: ya sita, ambapo pa glutamiki asidi pamekaa valini. Mkariri ataliandika hilo na kuishia hapo. Lakini swali litataka ueleze inakuwaje kitu kidogo hivyo kikapinda chembe nzima, na hapo biolojia peke yake haina la kukusaidia. Glutamiki asidi ina chaji na hupatana na maji. Valini haina chaji, huyakwepa. Oksijeni ikipungua, kile kipande kinachokwepa maji hunasa kwenye molekuli jirani ya himoglobini, nayo hunasa kwenye nyingine, mpaka zinajipanga kuwa nyuzi ndefu ngumu zinazoisukuma chembe ipoteze umbo lake. Aliyeonyesha mwaka 1949, yeye na wenzake, kwamba kasoro ya ugonjwa huu imo ndani ya molekuli ya himoglobini yenyewe alikuwa mkemia, Linus Pauling. Nikifundisha mada hii darasani huwa naona nyuso za wasiosoma kemia. Wananakili kwa bidii, na inaniuma, kwa sababu najua sehemu tamu imewapita.

Utayakuta hayo kwenye utando wa seli, kwenye vimeng'enya, hata kwenye DNA, ambayo nyuzi zake mbili zimeshikana kwa bondi za haidrojeni: mbili kati ya A na T, tatu kati ya G na C (hizo ni herufi za besi, vijenzi vinavyoziunganisha nyuzi hizo).

Moli, kipimo cha kuhesabia chembe ndogo za kemia, zisikutishe kiasi hicho. Hesabu zake nyingi ni za uwiano, na uwiano utauhitaji kwenye biolojia vilevile. Mendel, mtawa aliyechunguza urithi kwa kutumia njegere, katika utafiti aliouchapisha mwaka 1866, alipata njegere 705 za maua ya zambarau na 224 za maua meupe. Gawanya uone: kama 3.15 kwa 1. Utatakiwa uamue kama hiyo inatosha kuitwa 3 kwa 1, uwiano unaotarajiwa katika urithi wa namna hiyo, au kuna kitu kingine kinaendelea, na kipimo cha kuamulia ni hesabu ya kawaida ambayo mwenye bidii huizoea kwa siku chache. Kaa na mwalimu wako wa kemia kabla muhula haujaisha, akuonyeshe ni hatua ipi hasa unayokosea. Mara nyingi ni moja tu, inayojirudia.

Ukijitahidi ukaona kweli haiwezekani, biolojia na jiografia zinaendana vizuri kwa anayependa ikolojia na mazingira. Ila kabla hujaijaza fomu, soma masharti ya kujiunga ya vyuo viwili vitatu. Udaktari, ufamasia na baiokemia kwa kawaida hudai kemia, na kuirudia baadaye ni kazi nzito. Baba mwonyeshe masharti hayo, myasome pamoja. Ukichukua biolojia na kemia, mlango anaoutaka yeye unabaki wazi, nawe hujamwahidi kitu.

SWALI: Mwalimu, napenda biolojia lakini tukipasua panya tumbo linanivuruga na kichwa kinazunguka. Je, ngazi ya juu hainifai?
— Mwenye Moyo Mwepesi

JIBU: Inakufaa. Mwambie mwalimu mapema, ukae karibu na dirisha (mara nyingi kinachowaangusha watu ni harufu ya dawa ya kuhifadhia), na usiingie maabara na njaa. Wengi huzoea. Wasiozoea wana mimea, vijidudu, jenetiki na ikolojia, na hayo ni maisha mazima ya kusoma. Nilikuwa na mwanafunzi ambaye hakushika kisu cha kupasulia mnyama hata siku moja. Alikuwa anasimama mlangoni. Nikamkabidhi wembe na shina la mmea. Mchoro wake wa mkato wa shina lile bado nauonyesha darasani kila mwaka: mistari myembamba isiyokatika, hakuna kivuli, na kila fungu la mishipa mahali pake.