Re: Gari limeibwa, na mdogo wangu ametengwa kwenye bima

Ndugu, unauliza kama bima italipa wakati mdogo wako ametengwa, yaani bima imetaja kuwa yeye haruhusiwi kuendesha gari hilo. Swali si hilo, ni nani alikuwa na gari lilipoibwa Eastleigh, Nairobi. Kama uliliegesha wewe, kipengele hicho cha kumtenga kwa kawaida hakihusiki: kinamzuia yeye kuendesha tu. Balaa ni kama yeye ndiye aliyelipeleka huko, tena akaacha ufunguo ndani. Hapo kampuni ya bima itashika kipengele na uzembe pamoja.

Ripoti polisi leo upate namba ya OB (kitabu cha matukio cha kituo), baadaye abstrakti, yaani hati ya polisi ya kuthibitisha umeripoti. Pelekea bima logbuku (hati ya umiliki wa gari) na funguo zote mbili (ukikosa mmoja utahojiwa sana), na rekodi ya traka (kifaa cha kufuatilia gari) kama ipo. Usijiandike dereva kwenye fomu kumficha. Uongo huo pekee unaweza kuua dai. Wakikataa kulipa, omba barua inayotaja kipengele chenyewe, ndipo ulalamike IRA, mamlaka ya kusimamia bima Kenya.