Firefox ikifa, steshenari yangu itafanyaje?

SWALI: Habari za kazi, fundi. Nina steshenari ndogo Nyegezi, kompyuta mbili na printa moja. Tangu nifungue natumia Firefox, nimeizoea. Sasa kijana wangu aliyeko chuo ananiambia Firefox inakufa, nihamie Chrome kama watu wote. Juzi namjazia mteja fomu, tovuti ikaandika "tafadhali tumia Chrome". Mteja akaniangalia kama vile mashine zangu ni mbovu. Ni kweli inakufa? Nihame?

JIBU: Shikamoo mama. (Umesema una kijana chuo, kwa hiyo sithubutu kukuita dada.)

Usihame, ila weka na Chrome pembeni kwa siku kama hiyo ya juzi. Kwa nini usihame, hapo kuna aibu yangu kidogo, nivumilie.

Mwaka 2022 nilitengeneza mfumo wa kuombea mikopo kwa ushirika mmoja wa akiba hapa Mwanza. Kwenye fomu kulikuwa na sehemu ya kuchagua mwezi wa kuanza marejesho. Ukiwa na Chrome, ukibofya pale kinashuka kikalenda cha miezi, unachagua, basi. Nikajaribu kwenye mashine yangu, ikakubali, nikachukua hela yangu. Wiki ya pili karani akapiga simu kwamba maombi yanakataa. Kufika pale, anatumia Firefox. Firefox ya kompyuta haikuwa na kikalenda hicho, ilionyesha kisanduku kitupu tu cha kuandika. Karani kaandika "Machi 2022", kama ambavyo mimi na wewe tungeandika. Mfumo wangu ulikuwa unasubiri "2022-03". Kurekebisha ilikuwa kazi ya nusu saa tu, na sikuifanya. Nikamwambia apakue Chrome, nikapanda daladala nikarudi Kirumba.

Kwa hiyo ukiona "tafadhali tumia Chrome", mara nyingi mashine yako haina kosa lolote. Kuna fundi mahali fulani amejaribu kazi yake kwenye kivinjari (programu ya kufungulia tovuti) kimoja tu, akaenda kulala.

Sasa hilo la kufa. Nenda Mwaloni asubuhi dagaa wanaposhushwa. Mitumbwi ina rangi zake na majina yake, lakini tazama nyuma: injini karibu zote ni za aina moja. Vivinjari navyo vimefika hapo. Injini ya kivinjari ni ile sehemu inayosoma tovuti na kuichora kwenye kioo. Opera ilikuwa na injini yake, ikaiacha mwaka 2013. Microsoft nao wakaiacha yao, na tangu Januari 2020 kivinjari chao, Edge, kinatembea kwa injini ileile ya Chrome, ambayo usukani wake uko kwa Google. Apple wana yao, na kwenye iPhone kwa miaka mingi kila kivinjari kimelazimika kutumia hiyo ya Apple, hata kikiitwa Firefox. Umoja wa Ulaya ndio uliowalazimisha kulegeza mwaka 2024, kwa watu wa huko tu. Injini kubwa ya tatu, inayoitwa Gecko, ni ya Firefox. Ikizimika hiyo, mafundi kama mimi hatutakuwa na sababu hata ya ile nusu saa.

Tatizo kubwa la Firefox ni hela. Google huwalipa Mozilla, wenye Firefox, ili utafutaji wa Google uwe ndio unaokuja umeshawekwa, na sehemu kubwa ya mapato ya Mozilla hutoka hapo. Yaani mshindani anakula kwa mkono wa mshindani wake. Mei 2025, kwenye kesi ya serikali ya Marekani dhidi ya Google, mkuu wa fedha wa Mozilla aliiambia mahakama kwamba malipo hayo yakikatwa Firefox inaweza kufungwa. Septemba mwaka huohuo jaji Amit Mehta akaamua Google wasilazimishwe kuuza Chrome, na malipo ya namna hiyo yaendelee, ila bila mikataba ya kumfungia mtu asishirikiane na wengine. Firefox ikapumua. Kupumua si kupona, hapo kijana wako ana hoja: watumiaji wake walikuwa karibu theluthi moja ya soko miaka ya 2009 na 2010, leo ni asilimia chache tu. Lakini hata ilipotoka Novemba 2004 ilikuta Internet Explorer ya Microsoft imeshika zaidi ya asilimia 90 ya soko, na watu walisema hayohayo.

Kwa steshenari yako kuna faida mbili. Bando: kizuizi cha matangazo cha uBlock Origin bado kinafanya kazi kikamilifu kwenye Firefox, wakati Chrome wamebadilisha kanuni zao hadi kimebaki toleo lililopunguzwa nguvu. Ukifungua kurasa mia kwa siku, matangazo yasiyoshuka ni MB zako. Ya pili ni mashine kuukuu. Kama moja kati ya hizo mbili bado ina Windows 7, Chrome waliitupa mapema 2023, Firefox wakaendelea kutoa marekebisho ya usalama ya toleo la 115 kwa muda mrefu baada ya hapo. Hata hivyo mashine hiyo isikae na siri za watu, panga kuibadilisha.

Na hapa kwenye siri ndipo ninapotaka unisikilize kuliko kote. Kivinjari kikikuuliza "nihifadhi neno la siri?", kwa mteja jibu hapana. Wa mkopo wa chuo, wa kodi, wote. Wafungulie dirisha la faragha (private window), ukimaliza ulifunge. Yale yako mwenyewe, kila miezi kadhaa nenda kwenye ukurasa wa maneno ya siri wa Firefox, yatoe kama faili la CSV, weka kwenye flashi unayofungia nyumbani, kisha ulifute kwenye kompyuta, kwa maana ndani yake kila kitu kinasomeka wazi. Chrome inalipokea faili hilo. Siku ukilazimika kuhama, utahama kwa dakika kumi.

Ile fomu ya juzi ijaribu tena kwenye Firefox kabla ya kukimbilia Chrome. Kama ni tarehe inayogoma, andika mwaka, mwezi, siku kwa tarakimu, ukiweka vistari katikati.